Kabla Hujapiga Window

Mtaani kwetu kompyuta ya zamani ikianza kufunga programu ovyo, dawa ni moja: piga window upya, yaani futa Windows iliyopo na usakinishe nyingine. Mteja analipa, picha zake zinapotea kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzihamisha, halafu haupiti muda programu zinaanza tena kujifunga. Hapo fundi anatoa hukumu kwamba mashine imechoka, tafuta nyingine. Tabia hii inanikera, kwa sababu katika hatua zote hizo hakuna aliyepima kitu chochote.

Mimi huanza na swali: inakufa palepale, au popote? Kama Excel inajifunga kila ukifungua faili lile lile, tatizo litafute kwenye faili, kwenye programu au kwenye draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa). Lakini leo ikifa brauza, kesho Word, keshokutwa ikaja skrini ya bluu yenye maneno tofauti na ya juzi, achana na programu. Fungua kasha uangalie vyuma.

Kwenye vyuma naanzia RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, maana RAM mbovu mara nyingi haina harufu wala mlio. Biti moja tu ikigeuka bila ruhusa, programu yoyote iliyokuwa inategemea sehemu hiyo inaweza kuanguka. Na hapa ndipo kupiga window kunapogeuka kuwa hasara: faili zote za window mpya hupita kwenye RAM hiyohiyo kabla ya kuandikwa kwenye diski kuu. Unaweza kumaliza kazi ukiwa umepanda faili bovu ndani ya mfumo ambao haujafikisha hata saa moja. Memtest86+, programu ya kupima RAM, ni ya bure, inakaa kwenye flashi na inawaka kabla ya Windows. Iache ikimbie usiku kucha. Ikionyesha kosa, hata moja, usiipuuze: pima RAM moja moja, kisha ubadilishe na sloti, kwa sababu wakati mwingine mgonjwa ni sloti. Mafundi wa zamani husugua meno ya RAM kwa raba ya shule na kuirudisha. Wapo wanaowacheka, lakini kutu na uchafu kwenye meno yale ni tatizo la kweli, na raba husaidia.

Mashine inayozima ghafla ukiipa kazi nzito, bila ujumbe wowote, mimi huishuku kwa joto au pawa saplai. Toa vumbi, badilisha grisi iliyokauka juu ya prosesa, angalia kama feni inazunguka. Kwenye desktop za mwanzoni mwa miaka ya 2000 tazama pia vichwa vya kapasita (vile vikopo vidogo) kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta: vikivimba au kuvuja, window hata ukiipiga mara mia haitavisawazisha. Na ile betri ndogo ya CR2032 ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka na tovuti zinakataa kufunguka. Nimeona watu wakipigiwa window kwa ajili ya betri ya saa!

Ushahidi mwingi Windows yenyewe imeshauandika. Andika perfmon /rel kwenye sehemu ya kutafutia, utaona siku kwa siku nini kilianguka na kwa namba gani ya kosa. Tahadhari: rekodi ya Kernel-Power 41, ambayo watu huinukuu kama jina la ugonjwa, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Sababu haisemi.

Namba ya kosa ninayoipenda ni 0xc000001d. Ukiiona inajirudia kwenye programu moja, huenda kompyuta yako ni nzima kabisa. Maana yake prosesa imepewa amri isiyoitambua. Mfano ni AVX, kundi la amri za kufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Amri hizo zilianza kuonekana kwenye prosesa za Intel mwaka 2011. Core 2 Duo, prosesa ya kabla ya hapo, haina. TensorFlow 1.6, programu ya akili bandia ya mwaka 2018, ilipoanza kutolewa ikiwa imejengwa kwa AVX, kwenye mashine za namna hiyo ilikuwa inakufa papo hapo. MongoDB 5.0, programu ya hifadhidata, nayo ikazitaka.

Hapa lawama nawapa watengeneza programu. Sidai waendelee kubeba mashine za 2008 milele. Lakini prosesa ukiiuliza inajua amri gani, inakujibu mara moja. Programu ingeuliza inapowaka, kisha imwambie mtumiaji kwa sentensi moja kwamba prosesa yake haitoshi. Badala yake nyingi zinakata roho kimya kimya, mwenye kompyuta anampelekea fundi, na fundi anapiga window. Kuhamia Linux hakubadilishi kitu hapo, maana prosesa ni ileile. Kilichobaki ni kutafuta toleo la nyuma la programu hiyo, au kubadilisha mashine.

Ukienda kununua ya mtumba, basi, uliza prosesa kabla hujauliza RAM, kwa sababu RAM mara nyingi utaiongeza baadaye. Wala usidanganywe na mwaka pekee: i5-2400 ya 2011 ina AVX, wakati Pentium G4400 ya 2015 haina.