Jedwali lililomfunga Lucy Letby

Katika kesi ya Lucy Letby, muuguzi aliyefungwa maisha kwa kuua watoto wachanga hospitalini, juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kule Manchester, Uingereza, ilionyeshwa jedwali moja. Lilikuwa na matukio 25 ya watoto wachanga waliofariki au kuzidiwa ghafla, na majina ya wauguzi 38. Wauguzi wengine walikuwa na alama chache, moja hapa, nyingine kule. Safu ya Letby ilijaa alama mwanzo hadi mwisho: katika kila tukio, alikuwa zamu.

Nilipoliona Agosti 2023, wiki aliyotiwa hatiani, nilisema moyoni: huyu kaua. Sikuwa na haja ya kusikia zaidi. Leo nasikitika kwamba niliamua haraka vile, maana sikujiuliza swali lililo jepesi kuliko yote. Nani alichagua matukio yale 25?

Watoto wengine walifariki katika wodi ya watoto njiti (waliozaliwa kabla ya wakati) ya hospitali ya Countess of Chester, alikofanya kazi Letby, kati ya Juni 2015 na Juni 2016. Vifo ambavyo Letby hakushtakiwa navyo havimo kwenye jedwali. Ukiweka kwenye karatasi matukio anayotuhumiwa nayo mtu mmoja tu, safu yake itakosaje kujaa? Ingejaa hata kama pale pangekuwa na jina langu au lako.

Nimekulia Usukumani, ambako vikongwe wamekatwa mapanga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yameungua kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Lakini misiba inapofuatana kwenye mji, watu hutafuta wa kubeba lawama, na akishapatikana, kila kitu chake hugeuka ushahidi. Ndivyo nilivyosoma habari za vile vikaratasi alivyoviandika Letby, vilivyokutwa nyumbani kwake. Magazeti yalichapa maneno "mimi ni mwovu, nimefanya hili" kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo hiyo inasema pia kwamba hajafanya kosa lolote. Ni maandishi ya mtu aliyevurugikiwa. Kuyaita ungamo ni kuchagua sentensi moja na kuifumbia macho nyingine.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni ushahidi wa kitabibu. Hakuna aliyemwona Letby akimdhuru mtoto. Daktari mstaafu Dewi Evans, shahidi mtaalamu wa upande wa mashtaka, alisoma mafaili na kueleza kwamba baadhi ya watoto waliingiziwa hewa kwenye mishipa ya damu. Hoja hiyo iliegemea makala ya kitabibu ya mwaka 1989, na mmoja wa walioiandika, Dkt. Shoo Lee wa Kanada, bado yu hai. Alipopata habari za kesi hii, alisema dalili za ngozi zilizosimuliwa mahakamani sizo alizozieleza yeye. Februari 2025, jopo la wataalamu 14 aliloliongoza lilitoa matokeo yake London: halikuona mauaji. Liliona maradhi yanayowapata njiti, na huduma mbovu.

Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshamsikia Lee mwaka 2024, ikakataa ushahidi wake. Moja ya sababu ilikuwa kwamba upande wa utetezi ungeweza kumwita tangu kesi ya awali. Ni kweli, ungeweza. Katika kesi iliyochukua miezi kumi, utetezi haukumsimamisha daktari hata mmoja. Mbali na Letby mwenyewe, alikuja fundi bomba kueleza habari za maji taka hospitalini. Kwa nini mawakili walifanya hivyo ni suala lao. Lakini mtu afie gerezani kwa sababu shahidi wake alichelewa kuitwa? Hilo silikubali.

Wapo watakaonikumbusha insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu. Vipimo vya watoto wawili vilionyesha insulini nyingi, na Letby mwenyewe alikubali kizimbani kwamba kuna mtu aliyewapa. Huo ndio ushahidi ulionizuia kuandika makala haya kwa miezi mingi. Sasa wataalamu wanapinga hata kipimo chenyewe, kwamba aina ile haitoshi kuthibitisha sumu mahakamani. Muuguzi aliye kizimbani angejuaje hayo? Alikubali alichoambiwa na maabara.

Uholanzi walishapita njia hii. Muuguzi Lucia de Berk alifungwa maisha mwaka 2003, baada ya mahakama kuambiwa kwamba uwezekano wa yeye kuwa zamu kwa bahati tu ni 1 kati ya milioni 342. Wanatakwimu wakapiga hesabu upya, madaktari wakayapitia mafaili upya, na mwaka 2010 akaachiwa huru kabisa. Vifo vile, ilionekana, havikuwa mauaji.

Siwezi kuapa kwamba Letby hana hatia. Najua pia kuna wazazi waliozika watoto wao, ambao kila makala kama haya yanawatonesha kidonda, na nimeandika nikiwafikiria. Wao ndio wenye haki ya kwanza ya kujua watoto wao walikufa na nini. Mawakili wapya wamepeleka maombi kwenye tume ya Uingereza inayopitia upya hukumu za jinai. Tume iirudishe kesi mahakamani, na safari hii madaktari wa pande zote mbili wasimame kizimbani, waulizwe maswali, mafaili ya watoto wote waliofariki mwaka ule yakiwa mezani.