Msiniambie Nisirudi Mombasa

Sisi tulioko nje tukiugua, maneno ya nyumbani huwa ni yale yale: "Kaa huko huko, dawa ziko huko." Husemwa kwa mapenzi, nami siwalaumu wanaoyasema. Mamangu ameniambia, khalati zangu wameniambia, na jirani yetu wa Majengo huniambia kila akisikia niko kwenye simu. Lakini nimeishi Birmingham na sarkoidosisi kwa miaka sasa, nikienda nyumbani na kurudi, na kila nikienda ndivyo ninavyozidi kuyakataa maneno hayo. Dawa ninazomeza ziko Mombasa. Prednisoloni ni kidonge cha zamani, kinauzwa madukani, na bei yake si ya kumshinda mtu wa kawaida. Kilicho adimu kwetu ni vitu viwili vingine: daktari anayeuliza swali la pili jibu la kwanza linapokataa, na jamaa anayeelewa kwamba kinga ya mwili inaweza kushushwa na dawa, pasina Ukimwi, ule ugonjwa ambao kila mtu huufikiria kwanza.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana wengi hawajawahi kuusikia. Katika sarkoidosisi, chembe za kinga hujikusanya na kufanya vinundu vidogo vidogo ndani ya viungo vya mwili. Mara nyingi huwa mapafuni na kwenye tezi za kifuani; huweza pia kushika macho, ngozi, maungio, ini, mishipa ya fahamu, hata moyo. Jina lake linatokana na kazi ya daktari wa ngozi wa Norway, Caesar Boeck, mwaka 1899, na mpaka leo chanzo chake hakijajulikana. Hauambukizi. Huupati kwa kula sinia moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja. Wengi hupona wenyewe katika miaka miwili mitatu bila dawa yoyote. Wengine, nami ni mmoja wao, huhitaji dawa kwa muda mrefu ili mapafu yasije yakafanya makovu.

Watu huniuliza: sasa kinga yako iko juu au iko chini? Iko hivyo vyote viwili, na hapo ndipo penye ugumu. Chembe zile za kinga zinazoitwa CD4 hukimbilia kwa wingi kwenye kiungo kilichoshikwa, huku zikipungua katika damu. Ni kama askari wote wa Mombasa waitwe Likoni kwa ghasia moja, Makupa na Nyali zibaki bila mlinzi. Ndiyo maana mgonjwa wa sarkoidosisi akidungwa kile kipimo cha TB cha ngozi, mara nyingi mkono haufuri, hata kama vijidudu vya TB viliwahi kumwingia. Juu ya hayo huja dawa. Kwa kawaida prednisoloni huanza na miligramu 20 hadi 40 kwa siku, kisha hupunguzwa polepole kwa miezi. Wengine huongezewa methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki tu. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu. Dawa hizi huzituliza chembe za kinga, nazo zikitulia hazichagui: zinakuacha wazi kwa nimonia, kwa mkanda wa jeshi, na kwa TB iliyokuwa imelala mwilini miaka yote. Tena prednisoloni huweza kuifunika homa. Mtu anakugusa paji la uso, anasema "hana joto huyu, ni uchovu wa safari," kumbe ndani unaungua.

Sasa mpelekee habari hiyo mtu wa nyumbani. Kwetu CD4 inajulikana kwa kliniki moja tu. Siku niliyomweleza ami yangu kwamba CD4 zangu ziko chini, aliinuka akafunga mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu anajua. Nilimjibu kwamba nimepimwa na sina virusi, na kwamba hata ningekuwa navyo si jambo la kufungiwa mlango. Tangu hapo nimekutana na wagonjwa wenzangu kutoka Pwani ambao hawathubutu kabisa kusema kwamba kinga yao imeshushwa na dawa. Wanakwenda arusini, wanakumbatiwa na watoto wenye tetekuwanga, wanakaa katikati ya umati matangani, kwa sababu kukataa kungewafanya wasemwe. Hili linaniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Aibu tuliyoujengea ugonjwa mmoja imekuwa hatari kwa wagonjwa wa magonjwa mengine chungu nzima: wenye lupasi, ambao kinga yao huushambulia mwili wao wenyewe, waliopandikizwa figo, wanaotibiwa saratani.

Hata Birmingham walianza na TB. Nilikuwa na kikohozi kikavu, nimekonda, vifundo vya miguu vimevimba, na picha ya kifua ilionyesha tezi zimefura pande zote mbili. Walipoona nimezaliwa Mombasa wakaniweka chumba cha peke yangu na kuchukua makohozi. Walifanya sawa. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, na daktari asiyeifikiria TB kwa mtu wa kwetu hafai kuitwa daktari. Tofauti ilikuwa katika hatua iliyofuata. Makohozi yalipotoka safi hawakusema "tumpe tu dawa tuone." Waliingiza kamera kupitia njia ya hewa, wakachukua kinyama kidogo kutoka kwenye tezi, na maabara ikaona vinundu ambavyo katikati yake hapakuwa na nyama iliyokufa kama inavyokuwa mara nyingi katika TB.

Nyumbani mambo huishia kwenye hatua ya kwanza. Mwenzangu mmoja wa Kilifi alimeza dawa za TB, miezi miwili ya dawa nne na miezi minne ya dawa mbili, hakupata nafuu, akaanzishwa upya. Makohozi yake hayajawahi kuonyesha kijidudu hata kimoja. Dawa za TB Kenya hutolewa bure, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini urahisi wake usiwe sababu ya kumaliza maswali. Na kosa la upande wa pili linatisha zaidi: ukimpa prednisoloni mtu ambaye kwa kweli ana TB, na huku hana dawa za TB, umemfungulia adui mlango. Kwa hiyo kinyama ndicho kinachoamua. Wala si kila mara kinahitaji mashine za Ulaya. Kama kuna kipele cha ajabu kwenye ngozi au tezi imevimba shingoni, daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kukata kipande kidogo na kukipeleka maabara. Ninachowataka madaktari wetu wa Pwani wafanye ni hicho tu: GeneXpert, ile mashine ya kupima TB katika makohozi, ikisema hapana, na dawa za TB zisipoleta nafuu, wakate.

Nimesikia pia, tena kutoka kwa muuguzi, kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli Wanorway na Waswidi huupata sana. Lakini nchini Marekani watu weusi huupata kuliko weupe, na huwashika vikali zaidi. Mchekeshaji Bernie Mac, ambaye wengi wetu tumemtazama kwenye filamu, alisema hadharani mwaka 2005 kwamba ana sarkoidosisi. Alifariki mwaka 2008 kwa matatizo ya nimonia, ingawa msemaji wake alieleza kuwa sarkoidosisi ilikuwa imetulia. Ikiwa ndugu zetu wenye asili ya Afrika wanaupata hivyo, sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tumeepushwa. Ninaloamini ni kwamba wagonjwa wetu wamezikwa ndani ya daftari la TB.

Uingereza imenipa mengi na nitakuwa mkosa shukrani nisiposema. Damu yangu hupimwa kwa zamu ili methotreksati isiharibu ini wala uboho. Macho huangaliwa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kulipofusha jicho bila maumivu makubwa. Kila vuli naitwa kuchanjwa homa ya mafua, bila kulipa. Dawa England hulipiwa pauni 9.90 kwa kila aina, haijalishi bei yake halisi. Na ninatembea na kadi inayosema natumia steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, ili nikizimia njiani yeyote atakayeniokota ajue kwamba dawa hii haikatwi ghafla, maana tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala na mtu anaweza kufa. Laiti kila anayepewa prednisoloni Mombasa angeandikiwa hata karatasi yenye maneno hayo. Watu huacha siku wanapoona uso umevimba.

Huo uso nao una habari yake. Prednisoloni hukuvimbisha mashavu, hukupa njaa ya usiku wa manane, hupandisha sukari. Nikifika nyumbani napokewa kwa vigelegele: "Mashaallah, umenawiri! Ulaya imekukubali!" Wanamaanisha heri, nami hutabasamu, lakini ndio wakati ninapokuwa mgonjwa zaidi, na sahani ya mahamri na mbaazi inayofuata hunibidi niiombee radhi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo Birmingham hawakulifikiria mpaka nilipoliuliza mimi. Sisi tuliokua tukitembea miguu mitupu kwenye mchanga wa Pwani tunaweza kuwa na mnyoo unaoitwa strongiloidi, unaopenya kwenye ngozi ya mguu na kukaa mwilini makumi ya miaka bila dalili. Ukianzishwa steroidi, unaweza kuzaana na kutapakaa mwili mzima, na ukifika hapo huua. Kipimo cha damu na dawa ya ivermektini vinatosha kuuzuia. Daktari aliyesomea minyoo ya nchi za joto hulikumbuka hili haraka. Kwa hiyo ewe mwenzangu uliyezaliwa Kisauni au Kwale na sasa uko Oslo au Toronto, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, waulize.

Na jua. Uingereza serikali hushauri watu wameze vitamini D wakati wa vuli na kipupwe kwa sababu jua ni haba. Mwenye sarkoidosisi asimeze kwa kufuata mkumbo. Vile vinundu vyenyewe huigeuza vitamini D kuwa ile aina yake yenye nguvu, bila kipimo, na kalsiamu ikapanda kwenye damu: kiu isiyokatika, haja ndogo kila saa, mawe ya figo. Mombasa kiu hiyo itasingiziwa joto au sukari. Mimi hupimwa kalsiamu kabla ya safari na baada yake, naepuka jua la adhuhuri, nakunywa maji mengi. Na hapa niwaombe radhi jamaa wote wanaoniletea mafuta ya samaki, habbasoda na chupa za "kupandisha kinga." Mafuta ya samaki yana vitamini D. Kinga yangu haitaki kupandishwa. Inataka kutulizwa mahali pamoja na kulindwa pengine.

Kuhusu kulindwa, nitasema jambo litakalowashangaza wanaodhani Ulaya kuna usalama wote. Kipupwe cha Birmingham madirisha hufungwa miezi, basi limejaa watu wanaokohoa, hewa ni ile ile moja. Nikiugua hupita siku nyingi bila mtu kugonga mlango. Nyumbani tuna baraza. Wazee wetu walijenga kiti cha mawe nje ya nyumba, kwenye upepo, na mgeni hupokelewa pale kwa kahawa chungu bila kuingizwa ndani. Mara ya mwisho nilipokuwa Mombasa, mamangu aliamua mwenyewe: anayekuja kunizuru akae barazani, nami nikae barazani, chumbani asiingie mtu. Aliyekuwa na mafua aliambiwa arudi akipona. Hakuna aliyenuna. Nilizurwa kila jioni, kaskazi ikivuma, na nilirudi Uingereza bila hata kikohozi. Heshima ya kumtazama mgonjwa haikupungua kitu.

Ramadhani nayo ilipita vizuri kwa kukubaliana mapema na daktari: kidonge cha asubuhi kikahamia daku, na siku ambazo mwili ulikataa nilifungua, kama dini inavyomruhusu mgonjwa.

Mwaka huu nakuja tena, Mungu akipenda, kaskazi ikianza. Nitavaa barakoa kwenye feri ya Likoni na kwenye matatu. Msinikimbie, sina cha kuwaambukiza, najikinga na chenu. Mtoto mwenye tetekuwanga au surua nijulishwe kabla sijamshika, maana nikikutana naye nahitaji kumpigia daktari siku hiyo hiyo. Na kama nyumbani kwenu yupo aliyemaliza dawa za TB na bado anakohoa, macho yanamuuma au vifundo vinamvimba, na makohozi yake hayajawahi kuonyesha kijidudu, mpelekeni tena hospitali mkaulize kama kinyama kinaweza kukatwa.