Siku ya Kwanza, Bunduki Ibaki Garini

Kila kiangazi kikianza, wageni wa kuwinda hushuka kwenye ranchi za Kiruhura, nje ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, Uganda, na haraka ya watu waliochelewa basi. Mimi kazi yangu kufuata nyayo, na ombi langu halibadiliki: siku ya kwanza tuangalie tu. Wengi hununa. Wamelipia leseni, wamelipia mnyama, halafu mtu wa nyayo anawaambia wakae juu ya kichuguu na darubini!

Lakini mwanzoni mwa Juni nyasi bado ziko kiunoni, na maji ya mvua yamebaki kila bonde. Kuvizia kwenye maji kutafaa Agosti. Sasa hivi ni kupoteza siku, maana pongo, yule swala wa vichakani, ana madimbwi kibao ya kuchagua. Anashinda kichakani, anajitokeza ukingoni alfajiri na jioni, na usipojua anatokea upande gani, utamfukuza tu. Tafuta kinyesi kinachong'aa, jani lililong'atwa ambalo utomvu wake haujakauka.

Halafu upepo. Nabeba majivu kwenye soksi kuukuu. Nikiigonga, vumbi linaonyesha harufu yetu inaelekea wapi. Asubuhi ya baridi hewa huteremka bondeni, jua likikolea hupanda mlima. Saa ile ya kugeuka, kama saa tatu hivi, imeniaibisha mara nyingi. Mwaka jana tulikuwa hatua sitini kutoka kwa dume jeusi la pongo, mgeni ameshaegemeza bunduki kwenye fimbo, nikahisi ubaridi kisogoni. Soksi haikuhitajika tena. Dume akabweka mara moja kama mbwa wa jirani, akatoweka. Bosi akanikazia macho utadhani upepo ni wangu. Afande wa wanyamapori aliyekuwa nasi alicheka mpaka akakaa chini.

Bora kukosa hivyo kuliko risasi ya pupa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1979, ukarudishwa kwa majaribio hapa hapa Mburo 2001, ili wenye ranchi nao wapate chochote kutoka kwa wanyama wanaokula majani ya ng'ombe wao. Mnyama akijeruhiwa akafia porini, nani amefaidika? Na bila leseni ni ujangili, hapo hatuna mjadala.

Mgeni mmoja wa Wisconsin, Marekani, alinielewa upesi. Kulungu wa kwao, wale wa mkia mweupe, wakishasumbuliwa siku za mwanzo wa msimu huhamishia matembezi yao usiku. Yeye hufunga kiti mtini, kati ya wanakolala na wanakokula, na upepo ukiwa mbaya hakanyagi huko.

Swala pala, hao walioipa Kampala jina, wana shida nyingine: macho mengi. Mmoja akikoroma, kundi zima limeruka. Mzee mmoja mchungaji alinitazama nikiwanyemelea akasikitika. "Mwanangu, unatembea kama mtu anayetaka kitu." Yeye huenda mshazari, fimbo begani, anasimama, anatazama ng'ombe wake, anaendelea.

Nikamfundisha yule wa Wisconsin mwendo huo. Siku ya pili tulikata mbuga polepole nyuma ya ng'ombe wa mzee, tukiangalia kwingine kabisa. Swala waliinua vichwa, wakatutazama, wakarudia majani yao.