Nitafutieni Herufi za Milimita Tatu

Jamani, Dodoma hii! Bati lipo, nondo zipo, rangi ya nyumba inauzwa kwa ndoo mpaka wanakubembeleza uchukue mbili. Sasa wewe ulizia rangi ya kupaka behewa la treni la mfano, la kukaa kiganjani. "La mtoto?" La mtu mzima, boss, ana kitambulisho cha NIDA na kodi ya nyumba kalipa.

Kipimo ni moja kwa 87, yaani la kweli ni kubwa mara 87. Herufi ya sentimita 30 kwenye behewa la kweli inashuka hadi milimita tatu na nusu hivi. Na behewa la mizigo halibebi jina peke yake: lina namba, lina uzito wake likiwa tupu, lina uzito wa mzigo linaoruhusiwa kubeba. Halafu uwe na adabu ya historia. Ukiandika TRC kwenye behewa la kabla ya 1977 umechemsha, enzi hizo ni EAR, reli ya Afrika Mashariki, na ukirudi nyuma ya 1969, reli ikiwa pamoja na bandari, ni EAR&H. Mpelekee kazi hiyo fundi wa stika za bajaji. Atakuuliza kama uongezewe "Mungu Mwema" pembeni, bei ile ile.

Stika yake yenyewe ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Unaona si kitu? Zidisha mara 87, inakaribia sentimita nzima. Behewa litaonekana limepigiliwa mbao ubavuni.

Kinachotakiwa ni dekali, ile ya kuloweka: herufi zimechapwa kwenye utando mwembamba unaoteleza kutoka kwenye karatasi yake ukilowa. Nyeusi unaweza kuchapisha hapa hapa mjini. Nyeupe sahau, maana printa za steshenari hazina wino mweupe. Weupe wote zinaoujua ni wa karatasi. Na behewa la kahawia linataka herufi nyeupe! Basi unaagiza nje seti ya alfabeti, kampuni ya Microscale wanazo, unaunga namba tarakimu moja moja kwa kibano huku umebana pumzi. Hata hiyo nyeusi ina masharti yake. Karatasi ya dekali ya printa ya wino ukiipitisha kwenye printa ya leza inayeyukia ndani kwenye joto, na hapo mwenye steshenari hakuiti tena mteja. Ya wino nayo usiiloweke kabla ya kuipulizia klia, ile vanishi isiyo na rangi, mikono miwili mitatu myembamba, la sivyo namba yote inabaki kwenye bakuli.

Haya, rangi. Gereji watakupa rangi ya gari na thina yake kwa moyo mweupe kabisa. Thina hiyo inakula plastiki: mbao zilizochongwa ubavuni zinafutika, mlango unajikunja. Heri akriliki ya wachoraji. Osha behewa kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta ya vidole, likauke, paka mikono mitatu myembamba. Ukitumia kopo la kupuliza, jaribu kwanza chini ya sakafu ya behewa, kisha kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya behewa na umalizie nje. Mchana wa Agosti usithubutu. Joto kavu na upepo vinaikausha rangi ingali hewani, inatua imekuwa mchanga. Alfajiri ndiyo saa yako, kabla upepo wa Dodoma haujaamka na majirani hawajaanza kuuliza.

Dekali usiibandike juu ya rangi isiyong'aa. Uso wake una vishimo, hewa inanasa chini, unapata ukoko wa rangi ya fedha kuzunguka kila herufi. Piga klia ya kung'aa kwanza. Maji ya bomba yenye chumvi yanaacha madoa meupe, kwa hiyo nunua maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi, na umsimamie muuzaji mpaka aelewe tofauti! Loweka sekunde 20, toa, subiri dakika moja, telezesha kwa brashi iliyolowa. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa sindano na udondoshee Micro Sol, dawa ya kulainisha dekali. Herufi ikijikunyata usiiguse, itanyooka yenyewe. Kidole chako ndicho adui.

Funika na klia isiyong'aa. Kisha lichakaze lionekane limetumika: huko nje watu wananunua unga wa rangi kwenye vichupa, sisi tunafagia. Chekecha vumbi jekundu kwa soksi ndefu ya kike, lipake kwa brashi ya poda, chini zaidi kuliko juu. Zidisha kidogo, maana klia ya mwisho utakayopuliza juu yake inalififisha. Soksi uombe kabla ya kuichukua.