Bucha yenye herufi za 3D

Hapa Moshi, ukitaka kumuudhi msanifu wa mabango mwambie kazi yake imejaa herufi za 3D. Ataelewa unamaanisha kadi za kipaimara: jina la dhahabu, limevimba, lina kivuli na mng'ao juu.

Wanaozikataa wana hoja. Herufi ya namna hiyo ukiipunguza iingie kwenye muhuri au kwenye kichwa cha risiti, matundu ya A na B yanaziba na jina la biashara linabaki doa la wino. Aya nzima ndiyo kabisa, haisomeki.

Lakini simama jirani na soko la Mbuyuni saa nane mchana. Jua kali, fleksi (turubai la plastiki la bango) inang'aa, abiria yuko dirishani mwa Hiace na ana sekunde mbili tatu tu. Neno BUCHA la njano bapa, juu ya picha ya malisho, linazama kwenye majani. Lipe unene wa rangi nyeusi kulia na chini, kila herufi inapata ukingo na jicho linaidaka. Tena si mbwembwe za kompyuta: Vincent Figgins, mtengenezaji wa herufi za chapa wa London, alishatoa herufi za chapa zenye kivuli mwaka 1815.

Ninachoona kinaharibu ni urefu wa maneno yetu. BUCHA ni herufi tano. TUNASHUGHULIKIA ni kumi na tano. Kwenye fleksi ya mita tatu kila moja inapata sentimita 20, na kivuli kikila nne, uso wa herufi unabaki na 16, bado hujaacha nafasi katikati. Wateja wetu nao wanapenda bango lieleze kila kitu! Mimi neno moja nalitia 3D, mengine yote bapa.

Halafu kuna ng'ombe. Fonti nyingi za mapambo za bure zina A mpaka Z na basi, hazina kiapostrofi, ndiyo maana mabango yanauza "nyama ya ngombe". Kuna bucha niliiazimia kiapostrofi kutoka fonti nyingine, nikakichorea kivuli mwenyewe. Mwenye bucha alifurahi, akalipa. Bango lilipopanda ndipo nikaona: herufi zote kivuli kimelala kulia, kiapostrofi changu kimelala kushoto. Kwenye daladala siku hizi nakaa upande wa pili.