Diklorometani Iondoke, Lakini Mahali Pake Pakae Nini?

Mwaka 2024 Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilipiga marufuku matumizi mengi ya diklorometani, kiyeyushi yaani kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine, ingawa maabara ziliachiwa kuendelea nayo kwa masharti makali ya kuwalinda wafanyakazi. Uamuzi huo unawapa nguvu wanaotaka maabara za Dar es Salaam nazo ziachane na viyeyushi vya hatari, na mimi kwa sehemu kubwa niko upande wao.

Ushahidi wanao. Diklorometani ikivutwa, sehemu yake hugeuka mwilini kuwa kaboni monoksaidi, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu miongoni mwa kemikali ambazo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Heksani, kiyeyushi kingine, nayo huzalisha mwilini kemikali inayoharibu neva za mikono na miguu, ilhali heptani, ambayo mara nyingi hufanya kazi ileile, haina dhara hilo. Joto la jiji letu linaongeza uzito wa hoja, kwa kuwa diklorometani huchemka katika nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho chumba cha maabara mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika na kiyoyozi kimezima, hakiko mbali nacho. Mwanafunzi akitikisa faneli ya kutenganishia, chombo cha kutenganisha vimiminika visivyochanganyika, bila kuipindua na kufungua koki mara kwa mara, kizibo huruka na mvuke ukampata usoni, tena wakati ambapo kabati la kuvuta mvuke nalo limezimika kwa kukosa umeme uleule.

Hata hivyo, wanaosita hawasiti kwa uvivu. Ethili asetati, ambayo hutajwa kwanza kuwa mbadala, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi 4 chini ya sifuri, wakati diklorometani haiwaki kirahisi. Kwa hiyo maabara ambayo bado inawasha vichomeo vya gesi kwenye meza ileile itakuwa imepunguza sumu na kukaribisha moto. Isitoshe, ndani ya faneli ile diklorometani hukaa chini ya maji na ethili asetati huelea juu yake, na aliyezoea kuhifadhi tabaka la chini na kumwaga la juu ataimwaga sampuli yake mwenyewe. Katika maabara za kuchunguza tishu, badala ya zailini, kiyeyushi kilichozoeleka humo, husifiwa limonini, itokanayo na maganda ya machungwa. Sifa ya kuwa kitu cha asili inawavutia wengi kuliko inavyostahili, maana limonini hukauka polepole, na ikikaa wazi hewani hutengeneza misombo inayosababisha mzio wa ngozi.

Uzito mkubwa zaidi uko kwenye maabara za kupima dawa. Kubadili asetonitraili, kiyeyushi kinachotumika humo, kwa ethanoli kunamaanisha kuthibitisha upya njia nzima ya upimaji, na ethanoli ikichanganywa na maji huwa na mnato mkubwa unaopandisha shinikizo ndani ya mashine ya kromatografia, inayotenganisha viambato vya dawa. Majibu ya maabara hizo huamua kama shehena ya dawa itaingia sokoni au itazuiwa, kwa hiyo tahadhari yao ni halali.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuzidai maabara zote hatua moja. Maabara za kufundishia hazifungwi na njia rasmi za upimaji, hivyo zinaweza kuacha heksani na kutumia heptani katika oda ijayo, japo bei yake iko juu, na kuacha diklorometani pale ambapo vichomeo vimeondolewa na makabati yanavuta kweli. Maabara za kupima dawa zianze na ujazo: kwa kubadili safu ya kromatografia, yaani mrija ambamo viambato hutenganishwa, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.6 na kuweka ya milimita 2.1 yenye urefu uleule, na kushusha mtiririko kwa uwiano wa mraba wa vipenyo hivyo, matumizi ya kiyeyushi hushuka hadi karibu sehemu moja ya tano, na mabadiliko ya aina hiyo famakopia ya Marekani, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inayaruhusu ndani ya mipaka iliyowekwa.