Toleo jipya lisubiri masika

Vijana wanaotengeneza tovuti za nyumba za wageni hapa Lamu hubishana sana kuhusu jambo moja: maktaba za watu wengine, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na kufungashwa ndani ya programu huria, zipandishwe toleo lini? Wengi husema papo hapo, na anayesubiri huitwa mvivu. Mimi naona anayesubiri hajasikilizwa.

Chukua WordPress, programu huria ya kutengenezea tovuti, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Ndani yake imo jQuery, maktaba ya kuendesha vitendo kwenye ukurasa. jQuery 3 ilitoka Juni 2016, lakini WordPress ilibaki na toleo la 1.12.4 hadi Disemba 2020. Waliowalaumu watunzaji wake hawakuzifikiria plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, chungu nzima zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress lilizima jQuery Migrate tu, kipande kilichokuwa kikizisaidia plagini hizo kuendelea kufanya kazi, na tovuti nyingi zikaharibika. Ikabidi itolewe plagini ya kukirudisha.

Namna zinavyoharibika ndiyo inayonisumbua. Fomu ya kuombea chumba ikifa, haitoi sauti. Ukurasa unafunguka, picha za baraza zipo, bei ipo. Mgeni anabonyeza, kimya, anahamia kwingine. Mwenye nyumba haoni kosa lolote. Anaona barua pepe zimepungua, na atasema msimu huu mbaya. Anaweza hata kushusha bei kwa ugonjwa ambao hauko kwenye bei. Na baadhi ya matoleo makubwa ya WordPress yalitoka Disemba 2016, Disemba 2018, tena Disemba 2020, mwezi ambao Shela, kijiji cha hapa Lamu, inategemea wageni wa Krismasi na mwaka mpya. Ratiba hiyo haikupangwa na mtu ambaye riziki yake ni kitanda kilicholaliwa.

Wanaohimiza haraka wana hoja, tena si ndogo, maana mdukuzi naye haingii kwa kelele. jQuery 3.5.0, ya Aprili 2020, iliziba matundu yaliyokuwamo katika 1.12.4, na tawi hilo la zamani lilikuwa halitunzwi tena. Septemba 2023 kasoro ya libwebp, maktaba ya kusomea picha, ilipofichuliwa, programu zilizobeba nakala zao, zikiwemo Chrome na Firefox, kila moja ilibidi itoe marekebisho yake. Aliyebaki nyuma miaka mitano hupata taabu siku kama hiyo, kwa sababu analazimika kuruka matoleo mengi kwa mpigo huku tundu liko wazi.

Lakini upya si usalama. Kasoro ya Heartbleed, iliyofichuliwa Aprili 2014, iliingia na toleo la 1.0.1, la Machi 2012, la OpenSSL, maktaba ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni. Aliyekuwa bado na 0.9.8 hakuguswa. Mlango wa siri wa xz, programu ya kubana mafaili, uliwekwa kwa makusudi katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua Machi 2024, na waliotumia Debian thabiti, mfumo wa kompyuta wenye toleo la nyuma la xz, walikuwa salama.

Debian hutenganisha mambo haya mawili: huchukua rekebisho la usalama na kulipachika katika toleo la zamani, tabia ya programu ikibaki ileile. Ni kazi ngumu inayotaka watu wa kusoma msimbo, na miradi mingi midogo haina watu hao, kwa hiyo maktaba iliyoachwa na watengenezaji wake lazima ihamwe. WordPress nayo imezoea kupeleka viraka vya usalama hadi kwenye matoleo yake ya nyuma. Basi kiraka kiwekwe siku kinapotoka, hata kama ni mkesha wa Krismasi. Toleo linalobadilisha tabia lijaribiwe kwenye nakala ya tovuti, fomu ijazwe mpaka barua imfikie mwenye nyumba, kisha liingie Mei, masika yanaponyesha na wageni ni wa kuhesabu.